Siku moja mkekani: barua kwa wazazi wa darasa la awali, Mikindani

Wanangu, akina baba na akina mama mlioandikisha watoto darasa la awali hapa Mikindani na vijiji vya jirani,

Assalaam alaykum. Nawaandikia mimi bibi yenu, niliyefundisha watoto wadogo mkoani Mtwara miaka mingi mpaka nikastaafu. Nina ombi moja tu. Kila mzazi atafute siku moja, aombe ruhusa kwa mwalimu mkuu, akakae na darasa la mwanawe tangu kengele ya asubuhi mpaka watoto watakapotawanyika. Nisieleweke kwamba naitisha kikao cha wazazi. Nazungumzia siku ya kazi, na kazi yenyewe hufanywa mkekani, pamoja na watoto.

Mtasema mwalimu yupo. Yupo, lakini ni mmoja. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na mnajua wenyewe madarasa yalivyofurika tangu ada ilipofutwa mwaka 2016. Kufutwa kwa ada nilikufurahia kwa moyo wote, maana kuna watoto ambao bila hivyo wasingeuona mlango wa shule. Ila mtoto wa miaka mitano haongozwi kwa sauti inayotoka mbele ya ubao. Anataka mtu akae kando yake, amwoneshe penseli inashikwaje, amfunge kifungo, amsikilize.

Kusikilizwa huku ndiko kulikonifanya niandike. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa. Nilipokuwa mwalimu kijana nilipangiwa shule ya kijiji huko juu, uwanda wa Makonde, na Kimakonde sikukijua hata neno. Asubuhi moja mtoto wa kiume alinijia akaniambia jambo. Sikuelewa, nikamwonesha aketi. Akarudi tena, akilirudia lile lile, nikamkaripia. Alikuwa anaomba kwenda haja. Akajikojolea pale pale mkekani, wenzake wakamcheka, na wiki nzima hakuonekana shuleni.

Mama yake siku hiyo alikuwa nje, chini ya mkorosho, na mtoto mchanga mgongoni. Kwao kulikuwa mbali, kwa hiyo alikuwa akimleta mwanawe na kumngoja amalize. Nilikuwa nikimpita kila siku, tunasalimiana, naingia darasani nafunga mlango. Hatua thelathini hazifiki, palikuwa na mtu ambaye angeelewa neno lile mara ya kwanza, nami sikuwahi kumwambia karibu ndani. Kosa lile lilikuwa langu, na bado linaniuma.

Mtoto aliporudi nilimwomba mama naye aingie. Alikaa nyuma, akimnyonyesha mdogo. Watoto waliokuwa hawajafungua midomo tangu Januari wakaanza kumsogelea, wakimnong'oneza kwa Kimakonde, naye akinifikishia kwa Kiswahili. Nikawafahamu watoto ambao kwa miezi mitatu nilikuwa nikiwaita majina tu. Mpaka leo kuna walimu wanaoletwa kwetu kutoka mikoa ya mbali, na kuna watoto wanaotoka nyumbani na Kimakonde au Kiyao peke yake. Usidhani huna la kufanya darasani kwa sababu hukusoma sana.

Chagueni siku inayowafaa. Akina mama wa pweza, siku za bamvua, bahari inapokupwa sana, maji hutoka asubuhi, saa zile zile za darasa, basi njooni siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana. Wenye mikorosho, msingoje Oktoba, maana mtakuwa mnaokota na kupeleka ghalani. Januari na Februari ndipo vilio vinapozidi na ndipo mwalimu anapohitaji mikono.

Njooni na kitu cha kwenu. Anayesuka mkeka alete ukili, watoto wajifunze kupishanisha miyaa. Vidole vilivyozoea kusuka havipati taabu na penseli. Mvuvi alete kipande cha wavu, watoto wahesabu matundu. Kwa kuhesabia zipo kokoto na visoda. Korosho mbichi msiwape, kwa kuwa mtoto huweka kila kitu mdomoni, na mafuta ya ganda lile hubabua. Wasimamieni wanaponawa kwenye kibuyu chirizi, na uji ukiwepo, saidieni kugawa.

Kuhusu mwanao mwenyewe, jiandae. Anaweza kukung'ang'ania asicheze na mwenzake yeyote, au akafanya utundu ambao nyumbani hujauona. Usimkemee mbele ya wenzake, na usimpe peke yake kitumbua ulichokuja nacho. Siku hiyo wewe ni mzazi wa wote. Usimchape mtoto yeyote, usipige picha za watoto wa wenzako, na ukimwona mtoto wa jirani hajui kitu au kajichafua, jambo hilo liishie pale pale. Mwalimu akikosea, mngoje watoto watoke ndipo mzungumze.

Akina baba, nanyi nawasemesha hasa. Katika miaka yangu yote, baba niliowaona wakiketi na watoto wa awali hawafiki idadi ya vidole vya mkono huu. Mmoja alikuwa fundi wa mitumbwi. Aliwachongea watoto vijidau vya mti wa mwembe, wakavielesha kwenye beseni la maji, na mtoto wake, aliyekuwa mkimya kupita wote, siku ile alisimama akaeleza mbele ya darasa zima kwa nini dau halizami. Baba alitazama chini akifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao.

Mimi bado natembea. Anayeona haya kwenda peke yake kwa mwalimu mkuu anipitie nyumbani baada ya alasiri, tutakwenda wote.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara