Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Msimu wa Tenisi ya Wanaume wa 2025

Ndugu Wanachama,

Katiba yetu inamtaka Mwenyekiti awasilishe taarifa ya mwaka mbele ya Mkutano Mkuu. Hesabu za ada na matumizi zimo katika taarifa ya Mweka Hazina, ambayo kila mmoja wenu ameshapata nakala yake, nami sitazirudia. Shughuli yetu kubwa tangu tulipoanza kukutana hapa Kirumba, Mwanza, ni kutazama tenisi pamoja na kuijadili, na kwa sababu hiyo nimeona muda niliopewa niutumie kuuzungumzia msimu wenyewe, ambao ulivuruga karibu kila ubashiri tuliouandika.

Mtakumbuka tulivyouanza mwaka. Roger Federer alikwishastaafu mwaka 2022, Rafael Nadal akafuata Novemba 2024 katika Kombe la Davis kule Málaga, na Novak Djokovic alikuwa anakaribia miaka 38. Wengi wetu tuliamini kwamba zama za wachache kutawala zimekwisha, na karatasi nyingi za ubashiri tulizokusanya Januari zilitaja mabingwa wanne tofauti kwa mashindano makubwa manne. Ikawa kinyume. Jannik Sinner alichukua Australia na Wimbledon, Carlos Alcaraz akachukua Roland Garros ya Paris na US Open ya New York, na kwa kuwa hao hao wawili walikuwa wamegawana yote manne ya mwaka 2024, yamekuwa mataji manane mfululizo bila mtu wa tatu kuonja. Anayesoma majina ya mabingwa peke yake atasema mwaka ulikuwa wa kawaida kabisa. Sisi tuliokaa ukumbini tangu Januari tunajua kwamba kila kilichokuwa kati ya mataji hayo, na hata namna mataji yenyewe yalivyopatikana, hakuna aliyeweza kukiona kabla.

Australia haikuwa na neno: tarehe 26 Januari Sinner alimfunga Alexander Zverev kwa seti tatu bila jibu. Mtikisiko wa kwanza ulikuja nje ya uwanja. Mwezi Februari ilitangazwa kwamba Sinner atakaa nje miezi mitatu, kuanzia tarehe 9 Februari hadi tarehe 4 Mei, kwa makubaliano kati yake na WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kuhusu chembechembe za klostebo, mojawapo ya dawa hizo, zilizokutwa mwilini mwake mwaka 2024. Shirika hilo lilikubali kwamba hakukusudia kudanganya, ila mchezaji anabeba dhamana ya makosa ya watu wanaomhudumia. Mjadala wetu wa jioni ile ulikuwa mkali, na ninawashukuru wote kwa kuuendesha bila kuvunjiana heshima.

Tulidhani kwamba Alcaraz, mwenzake akiwa nje, angezoa kila kitu. Hakuzoa. Katika mashindano ya Indian Wells kule Marekani alitolewa nusu fainali na Mwingereza Jack Draper, katika mechi ya ajabu ya 6-1, 0-6, 6-4, na Draper akaenda kumshinda Holger Rune na kubeba taji. Ni mwanachama mmoja tu, mama yetu anayefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, aliyekuwa ameandika jina la Draper, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba kijana huyo anapiga kwa mkono wa kushoto kama mwanawe. Wiki hiyo iliyofuata kule Miami, Alcaraz alifungwa katika mechi yake ya kwanza na David Goffin, na taji likaenda kwa Jakub Menšík wa Jamhuri ya Czech, kijana wa miaka 19 aliyekuwa wa 54 duniani. Menšík alieleza baadaye kwamba kabla ya mechi yake ya kwanza goti lilikuwa linamuuma kiasi kwamba tayari alikuwa na karatasi ya kujitoa mkononi. Alipokwenda kumkabidhi mwamuzi mkuu akaambiwa amekwenda kula chakula cha mchana, na katika kusubiri akahudumiwa na tabibu, akaamua kujaribu. Siku chache baadaye alimfunga Djokovic katika fainali, tena kwa taibreki mbili, yaani gemu maalumu ya kuamua seti iliyofika sita kwa sita, na Djokovic akalazimika kulisubiri taji lake la 100 hadi Geneva mwezi Mei.

Niliwahi kusema katika kikao cha Aprili kwamba haya yalikuwa matukio ya bahati, na kwamba mambo yangerudi kwenye mstari Sinner akirejea. Nataka kumbukumbu zionyeshe kwamba sivyo. Yapo mashindano tisa ya Masters 1000 kwa mwaka, ambayo ni daraja linalofuata baada ya yale manne makubwa. Kati ya tisa hayo, matano yalichukuliwa na watu ambao hawakuwahi kushinda hata moja la daraja hilo: Draper, Menšík, Casper Ruud kule Madrid, Ben Shelton kule Toronto, na yule wa Shanghai ambaye nitamfikia. La Toronto nalipa uzito mdogo kuliko mengine, kwa kuwa Sinner, Alcaraz na Djokovic wote hawakwenda; lakini Shelton alicheza na waliokuwapo na akawashinda, na huwezi kumdai mtu zaidi ya hapo.

Sasa nije kwenye tarehe 8 Juni.

Ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya Sikukuu ya Idd el-Hajj, na masufuria ya pilau yaliyobaki yalikuwa yamepangwa ukutani. Fainali ya Roland Garros ilianza saa kumi jioni kwa saa zetu. Sinner alikuwa hajapoteza hata seti moja tangu mashindano yaanze, na alipochukua seti mbili za kwanza, 6-4 na 7-6, wenzetu wa Sengerema walisimama, wakaaga, wakaondoka. Siwalaumu. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa, na aliyekuwa na familia ng'ambo hakutaka kuchelewa foleni ya kivuko usiku. Isitoshe, Alcaraz hakuwahi maishani mwake kushinda mechi baada ya kuachwa seti mbili.

Akachukua ya tatu. Katika ya nne, karibu saa mbili usiku, alikuwa nyuma kwa gemu tatu dhidi ya tano, yeye ndiye anayeanzisha mpira, na ubao ukasoma sifuri kwa arobaini. Pointi tatu za ubingwa: Sinner alihitaji moja tu kati yake abebe taji. Watu kadhaa walikwishaanza kubeba viti vyao kuvirudisha stoo. Wa kwanza Sinner alipiga ukatoka nje. Wa pili vivyo hivyo, ukatoka. Wa tatu ukaishia kwenye wavu. Mzee aliyekuwa amesimama mlangoni na kiti mkononi alikiweka chini pale pale alipokuwa, akakikalia, na hakuondoka tena hapo hadi mwisho. Alcaraz akaishinda gemu hiyo, akaivunja, yaani akaishinda, gemu ambayo Sinner alikuwa anaanzisha ili afunge mechi, akaichukua seti kwa taibreki.

Katika seti ya tano umeme ulikatika. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini hatukuwa na jenereta, na jibu langu ni kwamba Kamati iliahirisha ununuzi huo mwezi Machi. Hilo ni kosa letu na tutalirekebisha leo. Kijana mmoja wa Igoma alikuwa na simu yenye chaji, akasimama katikati ya ukumbi wenye giza akawa anasoma namba zinavyobadilika. Alitusomea Alcaraz akianzisha ili ashinde, na Sinner akimvunja. Akatusomea Sinner akiongoza sita kwa tano. Akatusomea Alcaraz akisawazisha. Kisha ikaja taibreki ya pointi kumi, na sauti yake ikawa inasema jina lile lile: Alcaraz, moja bila, mbili bila, tatu bila, mpaka saba bila, bila mtu kukohoa. Ikaisha kumi kwa mbili. Saa tano na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote katika historia ya Roland Garros. Iliyokuwa ikishikilia nafasi hiyo tangu mwaka 1982, ya Mats Wilander na Guillermo Vilas, ilichukua saa nne na dakika 42. Nimetazama tenisi miaka mingi, na mwisho wa mechi ninaoukumbuka kwa uwazi kuliko wote ni huu ambao sikuuona kwa macho.

Siku 11 baadaye, tarehe 19 Juni, daraja lilifunguliwa, na ndiyo maana wakati wa Wimbledon wenzetu wa Sengerema walikaa hadi dakika ya mwisho. Huko nako nyasi zilianza kwa kuwameza wakubwa: Zverev, Daniil Medvedev, Lorenzo Musetti na Rune wote walitolewa raundi ya kwanza. Aliyemtoa Zverev, kwa seti tano, ni Mfaransa aitwaye Arthur Rinderknech, jina ambalo wachache kati yetu tuliliandika popote, na ambalo nawaomba mliweke akilini.

Kuna mechi moja ya Wimbledon ambayo bado inaniuma. Katika raundi ya nne, Grigor Dimitrov wa Bulgaria alikuwa anamwongoza Sinner seti mbili bila, akicheza tenisi safi kuliko niliyowahi kumwona akicheza. Gemu zikiwa mbili kwa mbili katika seti ya tatu, akaanzisha mpira, akaanguka huku ameshika kifua. Msuli ulikuwa umeumia, na hakuweza kuendelea. Sinner alivuka wavu kumfariji, kisha akambebea mikoba yake wakitoka uwanjani. Siku sita baadaye akawa Muitalia wa kwanza kuwa bingwa wa Wimbledon kwa mchezaji mmoja mmoja, kwa kumfunga Alcaraz 4-6, 6-4, 6-4, 6-4. Ushindi ule ni wake kwa haki, kwani wiki tano tu baada ya kupoteza pointi tatu za ubingwa kule Paris si kila mtu angeweza kurudi na kusimama mbele ya mtu yule yule; lakini katika vitabu vya chama nimeandika na jina la Dimitrov.

Ya Cincinnati na New York nitayapita haraka. Cincinnati Sinner alijitoa kwenye fainali kwa ugonjwa akiwa nyuma gemu tano bila. New York Alcaraz alimshinda kwa seti tatu kwa moja na kurudi namba moja duniani.

Oktoba ndiyo Shanghai. Valentin Vacherot alifika huko akiwa wa 204 duniani, na hakuwa na uhakika hata wa kupata nafasi kwenye hatua ya mchujo, kwa kuwa alikuwa kwenye orodha ya wanaosubiri wengine wajitoe. Anatoka Monako, nchi ambayo eneo lake lote ni takriban kilomita mbili za mraba, kiasi kwamba mwanachama wetu wa Nansio alihesabu ni mara ngapi ingeingia ndani ya kisiwa cha Ukerewe na akakata tamaa. Kocha wake ni kaka yake, mtoto wa mama yake. Joto la Shanghai liliwachosha wengi: Sinner alibanwa na misuli akashindwa kumaliza mechi, na Alcaraz hakwenda kwa sababu ya kifundo cha mguu. Vacherot akapita mchujo, akamtoa Rune, akamtoa Djokovic kwenye nusu fainali. Upande wa pili wa ratiba alipanda Rinderknech, yule wa Wimbledon, akimfunga Zverev kwa mara nyingine na kisha Medvedev. Rinderknech na Vacherot ni mabinamu. Magazeti ya nje yaliandika hivyo. Katika nyumba nyingi za hapa kwetu hao wangeitwa ndugu tu, na ukumbi mzima siku ile, kabla ya adhuhuri ya tarehe 12, haukujua umshangilie nani. Vacherot alishinda 4-6, 6-3, 6-3, akawa mchezaji wa nafasi ya chini kuliko wote waliowahi kushinda taji la daraja hilo.

Baada ya fainali ile niliombwa na vijana nieleze kwa nini chama kinakataza mikeka ya kamari. Niliwaambia wafikirie nani angemwandika Vacherot. Msimamo wa Kamati haujabadilika: tunabashiri kwa kalamu, na hakuna shilingi inayowekwa.

Mashindano ya Paris ya ndani hatukuyafuatilia. Kila mwanachama anazijua siku zile za mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, intaneti ilipokuwa haipatikani, na sina haja ya kuzieleza hapa. Tulikuja kusikia baadaye kwamba Sinner alishinda. Katika mashindano ya kufunga msimu kule Turin alishinda tena, akimfunga Alcaraz 7-6, 7-5, ingawa Alcaraz ndiye aliyemaliza mwaka akiwa namba moja. Kombe la Davis lilichukuliwa na Italia kwa mara ya tatu mfululizo, safari hii bila Sinner. Na wakati tukidhani msimu umefungwa, tarehe 17 Desemba Alcaraz akatangaza kuachana na Juan Carlos Ferrero, kocha aliyekuwa naye kwa miaka saba.

Kwa hayo, Kamati inaleta mbele yenu mambo matatu yaidhinishwe. Mosi, jenereta inunuliwe kabla ya katikati ya Januari, kwa fedha alizozitaja Mweka Hazina katika ukurasa wa pili wa taarifa yake. Pili, karatasi za ubashiri zikusanywe kabla ya kila mashindano, badala ya kukusanywa mara moja Januari kwa mwaka mzima. Tatu, ukumbi ukodiwe bila saa ya kufunga kwa siku zote za fainali, na viti visirudishwe stoo kabla ya wachezaji kupeana mikono.

Australia inaanza Jumapili, tarehe 18 Januari 2026. Mechi za kwanza kwa saa zetu ni saa tisa usiku, na ufunguo wa ukumbi utakuwa kwa Katibu.

Mwenyekiti
Mwanza, Desemba 2025