Alice Werner naye akumbukwe

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Kila siku ya Kiswahili ikifika tunatajiwa majina yaleyale ya wanaume, sawa wanastahili sikatai, ila huyu mama Alice Werner mbona hatajwi kabisa? Kazaliwa 1859 huko Trieste, utoto wake ni wa kuhamahama tu, New Zealand, Mexico, Marekani, mpaka familia ikatulia Uingereza. Baadaye akaja mwenyewe huku Afrika, akafika Nyasaland (Malawi ya leo) na pwani ya Kenya, halafu akawa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu London, mpaka 1930 alipostaafu. Mwanamke, zama zile!

Mimi kinachonikosha ni ile kazi ya Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu la mama huyo kumuusia bintiye, aliyoitoa Werner na William Hichens mwaka 1934, umri umeshaenda, mwaka uliofuata akafariki. Watu wanadhani ni kunakili tu. Jamani, tendi zile ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi ya p hamna, e na o nazo hamna, kwa hiyo "pata" na "bata" unaweza kuzikuta zimeandikwa vilevile, ukae ukune kichwa mama anamwambia bintiye apate au anazungumzia bata, na hapo bado hujagusa Kiamu chenyewe, lahaja ya Lamu, ambacho hata sisi wa bara kinatutoa jasho.

Walimu wanaofundisha utendi huo, mtajeni basi hata dakika mbili, baada ya Mwana Kupona mwenyewe lakini.

Msomaji wenu