Kabla Hamjahamishia Sanduku Kwenye Simu

Rehema mwenzangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Ujumbe wako nimeupata: vijana wameleta programu ya simu ya kutunza hisa na mikopo ya kikundi chenu cha kuweka akiba na kukopeshana, wazee wamegoma. Tafadhali, usiseme wanaogopa simu. Kuna kitu wanakilinda.

Litazame sanduku la fedha lenyewe. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, hisa hugongwa muhuri kwenye kitabu cha kila mwanachama, na kabla ya kufunga, salio hutajwa kwa sauti ili kila mtu aondoke nalo kichwani. Vikundi vya namna hii vilianzia Niger mwaka 1991, kwa akina mama ambao wengi wao hawakujua kusoma. Kijana mmoja akishika simu moja yenye namba ya siri anayoijua peke yake, kufuli tatu zimegeuka moja. Mzee huliona hilo mapema kuliko aliyetengeneza programu, na ana haki ya kugoma.

Basi dai programu ambayo mkopo hautoki mpaka watu watatu wauthibitishe, kila mmoja kwa namba yake, na kila hisa ikiingia mwenyewe apate meseji. Meseji inafika hata kwenye simu ya batani. Salio liendelee kutajwa kwa sauti.

Ugomvi mkubwa utatoka kwenye riba. Mkopo wa 100,000 kwa miezi mitatu, riba 10% kwa mwezi: daftari la wazee huhesabu 10,000 kila mwezi, jumla 30,000. Programu inaweza kukokotoa kwa deni lililobaki, mkopaji akirejesha theluthi ya mkopo kila mwezi, yaani 10,000, kisha 6,667, kisha 3,333, jumla 20,000. Hakuna aliyeiba, ila hiyo 10,000 itavunja kikundi. Kaeni mkubaliane njia moja, iandikwe kwenye katiba, ndipo kijana aipange kwenye programu.

Kagua pia laini za simu. Bibi anaweza kuwa anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mwanawe, kwa kuwa alama za vidole vyake zimefutika kwa jembe na mashine haikuzisoma. Fedha zikirudishwa kwa simu, jina litakalotokea si lililo kitabuni. Andikeni majina yote mawili tangu mwanzo.

Anzeni baada ya mgao, wanachama wakishagawana akiba na faida, mzunguko mpya unapofunguliwa, msibebe madeni ya zamani. Kwa miezi mitatu daftari na simu viende pamoja. Mzee asome kitabuni, kijana aingize. Kisha kijana asome kwenye simu, mzee afuatishe kitabuni kwa kidole. Ingizeni idadi ya mihuri, si shilingi, maana sifuri moja ikizidi, 15,000 inakuwa 150,000. Hesabu zisipolingana, sanduku lisifungwe mpaka kosa lipatikane.

Na vijana uwaambie hili bila kumung'unya maneno: wasimpokonye mzee simu ili wamalizie haraka. Wakuze maandishi, wamwache abonyeze mwenyewe, hata akichelewa. Anayebonyezewa kila siku ataishia kumpa mjukuu namba yake ya siri, na hapo ndipo fedha zake hupotea.

Nitumie nakala ya katiba yenu, hasa kifungu cha riba, niipitie kabla ya mgao.

Wako,
Mwanaidi