Ala ya bastola ishonwe kwa kipimo cha bastola yenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wananchi wenzangu wanaomiliki bastola kwa leseni, pamoja na wale wenye dhamana ya kuwakagua, kuhusu jambo ambalo kwa miaka mingi nimeliona likidharauliwa, nalo ni ala ya kubebea bastola. Mimi ni fundi wa ngozi hapa Moshi. Nilianza kwa kushona viatu na ala za sime, na kwa miaka kumi na minane sasa ninashona pia ala za bastola ndogo, moja moja, kwa kipimo cha bastola ya mteja.

Mwezi uliopita alinijia mfanyabiashara mmoja aliyetaka mkanda wa suruali. Katika mazungumzo alinieleza kwamba bastola yake alikuwa nayo wakati ule ule, ndani ya mfuko wa suruali, pamoja na funguo za duka na sarafu, na risasi ikiwa tayari ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa. Hakuwa mtu mzembe, kwani leseni yake ilikuwa hai na nyumbani alikuwa amejengewa kasha la chuma la kuhifadhia silaha. Aliamini tu kwamba bastola ndogo imeundwa ikae mfukoni. Nilimwomba aondoe magazini, yaani kibweta cha risasi, na kuitoa ile risasi ya chembani, kisha nikachukua ufunguo wake mmoja na kumwonyesha jinsi ncha yake inavyopita bila shida ndani ya pete ya chuma inayokizunguka kifyatulio, yaani kile kinachovutwa kwa kidole ili risasi itoke. Alinyamaza kwa muda mrefu.

Bastola ndogo huwapumbaza wengi kwa umbo lake. Walther PPK, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1931, ina urefu wa takriban sentimita 15 na nusu tu, na zipo zilizo fupi kuliko hiyo. Tena bastola nyingi za siku hizi, zikiwamo za Glock, kwa kawaida hazina kitufe cha nje cha usalama ambacho mwenyewe hukiweka na kukiondoa kwa kidole gumba. Kinga yake ya kwanza imo katika kifyatulio chenyewe, na chochote kinachokibonyeza sawasawa, kiwe kidole, ufunguo au kikunjo cha shati, kinaweza kufyatua risasi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ala ni kukifunika kifyatulio chote, pande zote mbili, kwa kitu kigumu kisichobonyea. Kuishika bastola isianguke ni kazi ya pili, na kuificha machoni pa watu ni ya tatu.

Vile vifuko vya kitambaa vinavyouzwa kwa maelezo kwamba vinaingia bastola yoyote havifanyi hata ile kazi ya kwanza. Kitambaa chake ni laini, kwa hiyo kifyatulio huweza kubonyezwa kwa nje, na mdomo wake hujifunga mara bastola inapotolewa. Mwenye nayo anapotaka kuirudisha hulazimika kuupanua mdomo huo kwa mkono wa pili, na hapo vidole vyake hupita mbele ya mtutu. Ngozi nayo si kinga kwa sababu tu ni ngozi. Ala ya ngozi iliyochakaa, ambayo mdomo wake umelegea na kukunjika kwa ndani, inaweza kukisukuma kifyatulio wakati bastola inaporudishwa.

Ngozi inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Hapa kwetu mti wa kazi hiyo unajulikana, maana Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa Njombe mwaka 1949 kwa ajili ya miwati, ambayo magome yake hutoa tanini ya kutengenezea ngozi. Ngozi ya namna hii huchukua majuma hata miezi kukamilika, lakini ikiloweshwa hukubali kufuata umbo la kitu, na ikikauka hulishika umbo hilo. Ngozi ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa chumvi za madini ya kromu badala ya magome, ambayo ndiyo nyingi sokoni kwa sababu hukamilika upesi, ni laini, hairithi umbo kwa namna hiyo, na chumvi zinazosalia ndani yake zinaweza kukiletea chuma kutu. Anayetaka kuitambua akate kipande atazame ubavu wake, maana ngozi ya kromu mara nyingi huonyesha ubuluu au ukijivu katikati, hata kama juu imepakwa rangi ya kahawia.

Kwa bastola ndogo mimi hutumia ngozi yenye unene wa milimita 3 hivi. Nikishaikata, naiunganisha kwa gundi, nachora mstari wa mshono, natoboa kwa msharasi kila baada ya milimita 4 au 5, kisha nashona kwa sindano mbili zilizotungwa kwenye ncha mbili za uzi mmoja uliopakwa nta ya nyuki. Kila tundu hupitiwa na sindano zote mbili. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini situmii cherehani, na jibu langu ni kwamba katika mshono wa cherehani nyuzi mbili hunasana katikati ya ngozi, hivyo tundu moja likikatika mengine yaliyo jirani huanza kufumuka, lakini katika mshono wa sindano mbili tundu likikatika mengine hubaki yameshika. Ala ya bastola huvutwa na kusukumwa mahali pale pale kila siku, na sioni sababu ya kumpunguzia mteja uhakika huo ili mimi niokoe saa tatu za kazi.

Baada ya kushona ndipo ngozi huloweshwa kwa maji ya uvuguvugu, kamwe yasiwe ya moto, kwa kuwa moto mkali huifanya isinyae na kuwa kavu kama ganda. Hapa pana jambo ambalo mafundi wenzangu wanapaswa kulizingatia sana. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu asiye na leseni kukaa na silaha ya mtu mwingine, hata kwa usiku mmoja. Kwa sababu hiyo bastola ya mteja hailali katika karakana yangu. Mteja huitoa risasi, huiweka mezani, nami huipima mbele yake na kuichora pande zote, kisha huondoka nayo. Kwa vipimo hivyo nachonga mfano wake kwa mti wa mninga, naupaka vanishi usinyonye maji, na ndio ninaoutia ndani ya ala na kuikandamizia ngozi kwa kipande cha mfupa kilicholainishwa, mpaka kila bonde na kila ukingo uonekane. Ala hukaukia kivulini, na mdomoni naongeza ukanda wa pili wa ngozi ili ubaki wazi hata bastola ikiwa nje.

Yule mfanyabiashara alirudi baada ya siku kumi na moja. Bastola ikiwa tupu, tuliitia ndani ya ala mpya na kuigeuza juu chini juu ya godoro, nayo haikutoka. Kisha akaitoa na kuirudisha kwa mkono mmoja mara ishirini bila mdomo kujikunja. Nilimweleza pia kwamba ala si ghala. Unyevu na jasho linaloingia ndani ya ngozi hula chuma, kwa hiyo akifika nyumbani bastola irudi katika kasha lake.

Ombi langu ni kwa pande mbili. Viwanda vya ngozi vituuzie mafundi wadogo ngozi ya magome kwa nusu kipande, kwa kuwa wengi wetu hatuna mtaji wa kununua shehena. Na wanaokagua hifadhi ya silaha, wanapouliza juu ya kasha la chuma, waulize pia bastola inabebwaje. Afrika Kusini wameliandika jambo hili katika Sheria yao ya Udhibiti wa Silaha za Moto ya mwaka 2000, ambayo kifungu chake cha 84 kinataka bastola inayobebwa hadharani iwe ndani ya ala au mfuko uliotengenezwa kwa kazi hiyo, ifunikwe yote, na aliyeibeba awe na uwezo wa kuidhibiti.

Kwa wale ambao tayari wana ala, nawasihi waukague mdomo wake leo. Ukiwa umelegea, usirudishwe kwa gundi wala ala hiyo asipewe ndugu au rafiki. Zile zinazoletwa kwangu zikiwa zimechakaa nazikata vipande viwili mbele ya mwenyewe.

Fundi wa ngozi,
Moshi, Kilimanjaro