Malalamiko kuhusu injini ya boti kubadilishwa sili mara mbili bila briza kukaguliwa

Kwa Meneja wa Huduma,

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kulalamikia kazi iliyofanywa na karakana yenu kwenye injini ya dizeli ya boti yangu, yenye silinda 4 na tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini), ambayo ilikuwa imefikisha saa 640 za kazi nilipoileta kwenu kwa sababu ya oili kuvuja upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Mafundi wenu walishusha gia boksi, wakabadilisha sili ya nyuma ya krenkshafti (mpira unaozuia oili isitoke pale mhimili mkuu wa injini unapotokeza nje), wakanikabidhi boti. Hazikupita saa 14 za safari, oili ikaanza kuvuja tena pale pale. Sili ikabadilishwa mara ya pili, nikalipishwa upya, na ilipovuja tena nikapewa ripoti ya maandishi kwamba ringi za pistoni (pete zinazozuia gesi isipite kando ya pistoni) zimekwisha na injini yote haina budi kufunguliwa.

Sikuridhika, kwa kuwa injini ilikuwa ikiwaka mara moja hata ikiwa baridi, haitoi moshi wa buluu, wala nguvu zake hazikupungua. Kilichonitia shaka zaidi ni kijiti cha kupimia oili: kila nilipoongeza mwendo kilikuwa kikipanda chenyewe kutoka kwenye mrija wake, kiasi cha upana wa kidole, na oili ikichuruzika pembeni kwa vipovu vidogo vidogo. Hakuna sili itakayodumu mbele ya msukumo wa namna hiyo. Katika kila injini, hata iliyo mpya, gesi kidogo hupenya kwenye ringi na kuingia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na briza, njia ya kupumulia injini yenye filta, ndiyo inayoitoa. Ikiziba, gesi hujilimbikiza mpaka isukume oili nje kupitia sili na gasketi.

Nilichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nikaukunja kama herufi U, nikautia maji na kuunganisha ncha yake moja na mrija wa kijiti. Injini ikiwa kwenye kasi ya juu, maji ya upande mmoja yalipanda kuliko ya upande wa pili kwa sentimita 25. Nilipofungua kifuniko cha briza nilikuta filta yake imekuwa nyeusi, nzito kwa oili na masizi yaliyogandamana. Nikaweka mpya, nikarudia kipimo kwa kasi ile ile, na tofauti ikawa sentimita 3. Lau ringi zingekuwa zimekwisha, au tabo ingekuwa inapitisha gesi kwenye paipu ya kurudishia oili, msukumo usingeshuka kiasi hicho kwa kubadilisha filta peke yake. Tangu siku hiyo kijiti hakijapanda tena.

Hili si suala la uchafu wa oili tu. Msukumo ukizidi, mvuke wa oili unaweza kuvutwa kwa wingi kwenye njia ya hewa, na injini ya dizeli ikaanza kuunguza oili yake yenyewe, ikapandisha mwendo bila kudhibitiwa na isizimike hata dizeli ikifungwa. Naogopa kufikiria jambo hilo likitokea baharini, abiria wakiwa ndani.

Naomba mnirudishie malipo yote ya kubadilisha sili mara ya pili, na mfute kwa maandishi ile ripoti ya ringi, ambayo ilitolewa bila kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kupimwa. Naomba pia filta ya briza iingizwe kwenye karatasi yenu ya sevisi, kwa kuwa nimeipitia mstari kwa mstari na haimo, na naamini wateja wengine wanarudi kwenu na uvujaji kama wangu. Nitashukuru kupata jibu lenu ndani ya siku 14.

Filta ya zamani nimeihifadhi kwenye mfuko pamoja na picha za vipimo vyote viwili, na fundi wenu anaweza kuja kuikagua siku yoyote mtakayonijulisha.

Wako mwaminifu,
Mmiliki wa boti