Jino la Mei halisemi ya Agosti

Mhariri,

Miaka 11 nanunua gazeti lako na kunyamaza. Ila ile habari yenu ya swalapala wa hifadhi ya Ziwa Mburo imenikaa kooni. Mwandishi wenu anasema meno yao yamethibitisha kwamba wanakula nyasi mwaka mzima, kwa hiyo ndio wanaomaliza malisho ya ng'ombe wetu. Meno ya mwezi gani?

Mikwaruzo ya kwenye meno, ile ya kutazamwa kwa hadubini, haidumu. Nyasi zina chembe ngumu za silika, madini kama ya mchanga, zinazolichora jino mistari. Majani ya miti huacha mistari michache. Jino nalo linazidi kusagika, michoro ya juzi inafutwa na ya leo. Aliyekufa Mei, mvua ikinyesha, atakuonyesha nyasi tu. Mwenye haja ya kujua mnyama alikula nini miaka yote atazame vilele vya magego, kama bado ni vikali, vya mla majani, au vimelala, vya mla nyasi.

Agosti iliyopita dume moja lilinasa kwenye uzio wangu, likafa usiku. Nilipolifungua mdomo nilikuta, kati ya shavu na magego, tope la majani ya mgunga na ganda moja la mbegu ambalo halijatafunwa. Unyasi hata mmoja hakuna! Nikawapigia simu wahusika wa wanyamapori, kwa salio langu, nikasema njooni mchukue kichwa, mwandike na tarehe. Kijana aliyekuja akakitupa nyuma ya pikapu juu ya mafuvu mengine manne, bila karatasi, bila swali, kisha akanigeukia kuniuliza kama nina kibali cha kukaa na nyamapori. Mimi, niliyemwita! Fuvu hilo sasa liko kwenye rundo, na kesho msomi mmoja atalipima na kuwatangazia swalapala wa Mburo anakula nini.

Na mkiwa bado kwenye meno, tembeleeni mnada wetu. Mwaka jana niliuziwa mtamba. Nyumbani nikamfungua mdomo, meno ya mbele yamebaki visiki. Mkusanya ushuru alikuwa kasimama hapo hapo, akihesabu noti.

Dawa ni rahisi: kila fuvu lifungwe waya kwenye pembe, la jike lisilo na pembe kwenye mfupa wa shavu, na kipande cha bati cha upana wa vidole viwili, mwezi aliokufa mnyama umegongwa kwa msumari. Bati ninalo. Msumari waje nao.

Mstaafu wa jeshi,
Kiruhura