Kanuni za uzamili zipite kwetu wahadhiri

Mhariri,

Nimesimamia wanafunzi wa uzamili kwa miaka 11 katika chuo kimoja cha umma hapa Kenya. Mwezi jana mwanafunzi wangu, mama wa watoto wawili, alipeleka tasnifu yake ili itumwe kwa mtahini wa nje. Karani akamrudishia. Kuna waraka mpya: makala mbili zichapishwe kwanza katika majarida ya kitaaluma, hata kwa waliosajiliwa zamani. Alikuwa na moja. Alisimama mlangoni pangu amezikumbatia nakala nne, wino bado unanukia, na karo ya mwaka mwingine inamngoja.

Kuchapisha naunga mkono, mwenyewe huwahimiza. Linaloniuma ni kwamba waraka huo haukufika bodi ya idara wala Seneti ya chuo, na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliikabidhi Seneti masuala ya kitaaluma. Sisi tunaosoma rasimu hizo usiku tungewaambia walioutoa kwamba jarida huweza kukaa na makala mwaka mzima bila jibu.

Waraka uletwe idarani tuujadili. Waliokwisha kusajiliwa wamalize kwa kanuni walizozikuta.

Mhadhiri,
Nairobi